Binamu Zangu wa Chumba cha Nyuma

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya benki, mtu wa sita au wa saba kutoka dirishani, mwanamke aliyekuwa mbele yangu akafungua mkoba, akatoa kichupa cha losheni na kujipaka mikononi. Ilikuwa ile losheni ya waridi, ya kichupa cha pinki. Wengi wa rika langu mtaikumbuka, kwa sababu ilikaa kwenye kabati za kina mama waliojiweza. Mwanamke yule hakufanya lolote baya. Alijipaka, akafunga kifuniko, akasogea mbele. Mimi nikatoka kwenye foleni, nikaenda kusimama nje juani mpaka harufu ikaniisha puani. Nina watoto wawili na kazi ya kuheshimika, na bado losheni inaweza kunitoa benki.

Nikiwa na miaka minane niliamini kwamba hiyo ndiyo harufu ya watu wema. Imani hiyo niliipata Jumapili moja, na kufikia Jumanne nilikuwa nimeipoteza.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Machakos mjini, upande wa chini wa soko. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River, akirudi Jumamosi jioni na vumbi jeupe ambalo halikuisha kwenye nguo zake hata zikifuliwa mara mbili. Mama alishona sare za shule. Cherehani yake ilikuwa sebuleni karibu na dirisha, na mlio wake ndio ulioniamsha asubuhi. Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua wenye tangi la maji, kulikuwa na chumba ambacho watu wengine wangekipangisha. Mama hakukipangisha. Hicho kilikuwa chumba cha binamu.

Binamu walikuja mmoja mmoja, mchana, wakitembea katikati ya mama yangu na jirani yetu Mama Zuhura. Mara nyingi walikuwa na mfuko mmoja wa nailoni, na wengine hawakuwa na chochote. Mama alisema, "Ndinda, huyu ni binamu yako," akataja jina, na hilo likatosha. Mmoja alitoka Masii, mwingine Kangundo, na mmoja alitoka Busia, hajui hata neno moja la Kikamba, lakini sikuona ajabu. Nilichojua ni kwamba ukoo wetu ni mkubwa. Wenzangu shuleni walitaja binamu watano au sita wakanyamaza. Mimi nilikuwa napata mpya kila baada ya miezi michache.

Mama aliniambia mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Lakini kila mama humwambia mtoto wake hivyo, kuhusu sukari iliyoisha na kuhusu baba aliyerudi amelewa, kwa hiyo sikujua kwamba yeye alimaanisha jambo lingine. Amri zake zilizobaki nilizishika vizuri zaidi. Binamu haulizwi alikotoka. Binamu hatumwi dukani. Binamu anaweza kulala mchana kutwa bila kuitwa mvivu, jambo ambalo mimi sikuruhusiwa hata nikiwa na malaria. Siku moja Mama alimwita fundi akamwambia atoe komeo la mlango wa chumba cha nyuma lililokuwa nje, alitie ndani. Fundi alipoondoka nilimwambia Mama kwamba amekosea, kwa sababu vyumba vyote vya nyuma nilivyovijua vilifungwa kwa nje. Mama alisema fundi hakukosea, akaendelea kupiga pasi kola za mashati.

Mama Zuhura alikuwa na duka dogo la viungo na mahamri. Ukoo wake ulikuja kutoka Pwani na biashara, zamani ambazo hata nyanya yake hakuzikumbuka, na Kikamba chake kilikuwa safi kuliko cha mama yangu. Nilijua kwamba Sauda, mdogo wake, alipanda ndege kwenda kufanya kazi ya nyumba Uarabuni, na kwamba alirudi ndani ya sanduku. Sanduku nililolijua mimi ni lile la bati la wanafunzi wa bweni. Kwa muda mrefu niliamini Sauda alijificha ndani yake ili asilipe nauli, na nilishangaa kwamba Mama Zuhura hakuuona ujanja huo kuwa wa kuchekesha. Sanduku lilikuja na karatasi ya Kiarabu. Shemeji yake, mwalimu wa madrasa, aliisoma, akaikunja, akasema imeandikwa kwamba Sauda alianguka kutoka ghorofani. Haikueleza kwa nini mikono yake ilikuwa vile walivyoikuta wakati wa kumwosha.

Baada ya mazishi hayo ndipo kina mama walipoanza. Walikuwa kumi na wawili hivi, wengine wa kanisa letu, wengine wa msikitini, na walikutana kwetu kila Alhamisi. Siku hizi kazi yao ina jina refu la ofisini. Wao walisema tu "kuuzwa". Fulani ameuzwa. Mimi nikiwa chini ya meza ya kukatia vitambaa nilisikia neno hilo nikawawaza mbuzi wa soko la Jumatatu, kisha nikaendelea kuokota vifungo.

Walikuwa wanaenda wawili wawili kwenye masoko waliposikia kuna mtu anaandikisha wasichana kazi, wanakaa karibu naye na vikapu vyao, wanamuuliza maswali kama watu wanaotaka kupeleka mabinti zao. Swali walilolipenda lilikuwa moja. Walimwomba awaonyeshe msichana mmoja tu aliyeenda na akarudi. Msichana akiletewa karatasi za kutia sahihi, walimwomba azipitishe kwanza kwa Mama Zuhura, naye azipeleke kwa shemeji yake. Na wale waliotoroka au waliorudishwa, waliwatafutia daktari, wakawasindikiza kwa chifu kuomba kitambulisho kipya, wakaenda kuongea na wazazi. Mama alisema kuongea na wazazi ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu mzazi aliyekosea hupenda sana kuwa amepatia.

Mwikali alikuja mwisho wa mvua ndefu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, ana pengo kati ya meno ya mbele, na alitoka karibu na Kithimani, kwenye mashamba. Wiki za kwanza sikumpenda. Aliomba ruhusa kunywa maji. Alikula akiwa amesimama, karibu na mlango. Alfajiri Mama aliamka akamkuta anaosha vyombo vilivyokuwa safi tayari. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu lenye ncha, umbo la pasi, na mimi niliyekuwa nimeanza kufundishwa kupiga pasi niliona kwamba binamu huyu ni mzembe. Nilimwambia hivyo. Nilimwonyesha jinsi ya kushika pasi ili isimfikie mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, Ndinda. Sasa nimejua." Nilifurahi kwamba nimemsaidia.

Niliyoyajua baadaye ni haya. Mwanamke mmoja alifika kwao akasema kuna kazi ya kushona nguo kwenye viwanda vya EPZ, vile vya kuuza nguo ng'ambo, huko Athi River. Kazi hizo zilikuwepo kweli, majirani walikuwa na mabinti huko wanaolipwa na wanaorudi nyumbani Krismasi, na kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Alimletea baba yake mabati ya kuezeka, akasema ni shukrani ya kampuni. Mwikali hakufika kiwandani. Alifikishwa kwenye nyumba moja nyuma ya Mavoko, yeye na wasichana wengine watano, wakanyang'anywa simu na vitambulisho. Kutoka hapo alipelekwa kufanya kazi katika nyumba za watu Nairobi bila mshahara, moja baada ya nyingine, na katika moja ya nyumba hizo ndiko alikopata lile kovu. Alitoroka siku chache kabla ya kusafirishwa ng'ambo. Alitembea kando ya reli mpaka akakuta kanisa, na kutoka kanisa hilo alifikishwa kwa kina mama wetu.

Alianza kubadilika kwa sababu ya nywele. Mama hakuwa na mkono wa kusuka, alinifunga mafundo mawili kama masikio ya mbuzi na kuniachilia. Siku moja Mwikali aliniita nikae chini kati ya magoti yake. Alinisuka mistari midogo iliyozunguka kichwa chote, ikaenda ikijikunja mpaka utosini, kama kikapu cha kyondo kinavyoanza kufumwa. Ilimchukua mchana mzima. Katikati ya kazi hiyo alianza kuimba kwa pua. Nilipojaribu kuinuka kabla hajamaliza alinirudisha chini kwa kunishika sikio, akacheka, na Mama aliyekuwa kwenye cherehani alisimamisha mguu wake akasikiliza. Tangu siku hiyo alikula akiwa ameketi.

Jumapili iliyofuata Mwikali alikuwa na homa, Mama akabaki naye. Mimi nilienda kanisani na watoto wa jirani, kichwa changu nimekiinua ili watu wakione. Kulikuwa na mgeni. Alipewa nafasi ya kusalimia, akasema anaitwa Lilian na anasaidia vijana kupata kazi, na yeyote mwenye binti aliyemaliza shule amwone baada ya ibada. Alikuwa na sauti ya chini, isiyo na haraka. Watu walipotoka, alikuja kwanza kwetu sisi watoto, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yetu, akatugawia peremende. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuchuchumaa kwa ajili yangu. Mikono yake ilinukia waridi.

Alinigusa kichwa polepole, akafuata mstari mmoja kwa kidole kutoka sikioni hadi utosini. Akauliza nani amenisuka vizuri hivyo.

Nikamwambia ni binamu yangu Mwikali.

Akasema huyo Mwikali ana kipaji, na je, anasukia wapi, angependa na yeye asukwe. Nikasema anasukia nyumbani kwetu. Akauliza kwetu ni wapi, nikamweleza: ukishapita soko, unashuka, duka la mahamri la Mama Zuhura, mlango wa bluu. Aliuliza kama huyo binamu ana pengo hapa, akajigusa meno ya mbele. Nilifurahi sana kwamba anamjua. Alinipa peremende ya pili, niipeleke kwa binamu, lakini nisimwambie imetoka kwa nani kwa sababu anataka kumshtukiza. Hiyo peremende niliila njiani. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kunyamaza.

Jumanne saa nne asubuhi gari jeupe lilisimama mbele ya mlango wa bluu. Shule zilikuwa zimefungwa. Alishuka Auntie Lilian, na nyuma yake mzee mwembamba mwenye koti zito na kofia mkononi. Nilikimbia kumpokea, nikamshika mkono, nikamwingiza uani mimi mwenyewe nikiita, "Mama, wageni!"

Mwikali alikuwa karibu na tangi, anasuuza nguo. Aliinua kichwa. Beseni lilianguka, maji yakatufikia miguuni, na kabla sijaelewa kitu nilisikia mlango wa chumba cha nyuma ukifungwa na komeo likiingia kwa ndani. Hapo ndipo nilipojua kazi ya lile komeo.

Mama alitoka na kipande cha kitambaa begani. Aliwatazama wageni, akanitazama mimi niliyeshika mkono wa Lilian, akasema karibuni. Akaleta viti viwili akaviweka uani, juani. Mzee alijitambulisha: yeye ni Mutiso, baba yake Mwikali, amekuja kumchukua mtoto wake. Lilian alisema yeye hana shida na mtu, amemsindikiza mzazi tu, na kwamba msichana alitoroka kazi na safari yake imeshaandaliwa. Mama alisema maneno hayo yanahitaji chai. Kisha akaniambia, "Ndinda, nenda kwa Mama Zuhura. Mwambie naomba uteo wake mkubwa, niambue mbaazi."

Nilienda nimenuna. Tulikuwa na uteo wetu, umetundikwa ukutani jikoni, na mbaazi zetu zilikuwa gunia moja ambalo Mama hakuwa na haraka nalo. Nilipofikisha ujumbe, Mama Zuhura alizima jiko, mahamri yakiwa bado kwenye mafuta. Alimtuma Zuhura, binti yake mkubwa, kituo cha polisi. Yeye mwenyewe alichukua uteo, akagonga dirisha la jirani, akasema, "Mama Ndinda anaomba uteo." Jirani huyo akagonga kwa mwingine.

Walianza kuingia uani mmoja mmoja. Kila aliyekuja alikuwa na kitu cha kufanya: mmoja na beseni, mmoja na sweta anafuma, mmoja na mtoto mgongoni. Waliwasalimia wageni vizuri, wakamuuliza mzee habari za Kithimani na mvua, wakaketi chini kwenye magunia, wakaanza kuambua mbaazi. Ua ulipojaa walikaa mlangoni, na mlango ulipojaa walikaa barabarani, mbele na nyuma ya gari jeupe. Dereva aliwaomba wasogee. Walisema watasogea wakimaliza mbaazi.

Lilian alikunywa chai yake bila haraka. Alikuwa anaongea na baba yake Mwikali peke yake, kwa ile sauti ya chini, kwamba wanawake hawa wanamharibia mtoto bahati, kwamba wenye wivu hawakosi. Mzee aliinama, akawa anazungusha kofia vidoleni. Hatimaye aliinuka akaenda kwenye mlango wa chumba cha nyuma, akagonga.

"Mwikali. Toka twende nyumbani."

Komeo halikusogea.

Mama alimwambia, "Mzee, huyo ni mtu mzima. Hapa hatujafungia mtu. Komeo liko upande wake."

Mama Zuhura hakuacha kuambua. Akauliza, "Lilian, wewe umepeleka wasichana wangapi?"

Lilian alisema ni wengi, na wote wako sawa.

"Nionyeshe mmoja aliyerudi."

"Wako kazini. Mtu akipata kazi nzuri harudi haraka."

"Sawa. Basi mpigie mmoja simu, tumsikie tu."

Lilian alisema hakuja hapo kuhojiwa. Mama Zuhura akamgeukia mzee, akamuuliza kwa Kikamba, kwa heshima, tangu binti yake aondoke amesikia sauti yake mara ngapi. Nilikuwa nimesimama karibu na tangi, pindo la gauni langu bado limelowa, na nilimwona mzee akihesabu kichwani na kukosa cha kuhesabu.

Komeo lilitoka. Mwikali alifungua mlango nusu, akasimama pale. Hakumtazama Lilian hata kidogo. Alivuta mkono wa sweta yake mpaka juu ya kiwiko, akamnyooshea baba yake mkono wa kushoto.

"Baba, niulize hii ni nini."

Mzee alitazama. Aliushika mkono akausogeza kwenye mwanga, kama mtu anayesoma barua bila miwani. Akauliza ni nini.

"Ni pasi. Niliunguza shati la mtu. Akaniambia na mimi nionje."

Kina mama waliacha kuambua. Mimi nilikumbuka jinsi nilivyomfundisha kushika pasi, na uso ukaniwaka mpaka masikioni.

Mzee alimgeukia Lilian. Nilitarajia apaze sauti, kama wanaume wote niliowajua walivyofanya wakiwa na hasira. Alisema polepole sana.

"Wewe uliniambia anashona."

Lilian alisema kazini hutokea mambo, hata nyumbani mtu huungua. Mzee akarudia maneno yaleyale, uliniambia anashona, kisha akaketi chini kwenye gunia la mbaazi miongoni mwa wanawake, akajifunika uso kwa kofia. Mwikali alitoka akaenda kukaa karibu naye. Hawakukumbatiana. Alikaa tu, mabega yao yakigusana.

Lilian aliangalia simu yake akasema amekumbuka ana mtu wa kuonana naye. Alitembea mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango. Gari lilinguruma lakini halikuwa na pa kwenda, kwa sababu wanawake saba walikuwa wamekaa mbele yake na hakuna aliyeinua macho. Walikaa hivyo mpaka Zuhura alipofika na askari watatu, mmoja mwanamke wa dawati la jinsia aliyevaa nguo za kawaida. Ndipo kina mama waliposimama, wakakung'uta maganda kwenye sketi zao.

Watu wakisimuliwa hupenda kusikia kwamba mwanamke yule alifungwa miaka mingi. Hakufungwa. Askari walienda kwenye ile nyumba ya nyuma ya Mavoko siku hiyohiyo, wakawakuta wasichana wawili, na mmoja wao alikaa kwetu mpaka Desemba. Wengine watatu walikuwa wameshahamishwa, na kati yao ni mmoja tu aliyekuja kujulikana alipo. Kesi iliahirishwa mpaka watu wakaizoea. Mwikali alitoa ushahidi, baba yake akiwa amekaa nyuma yake mahakamani na lile koti zito. Familia za wale wawili hazikukubali mabinti zao wasimame mbele ya watu. Ushahidi wa mmoja haukutosha. Baadaye tulisikia Lilian ameonekana mji mwingine, kina mama wakaandikia kina mama wa huko. Mchungaji wetu aliomba msamaha mbele ya kanisa, na tangu hapo mgeni wa kazi hakupewa tena nafasi ya kusalimia mpaka azungumze na Mama Zuhura, ambaye alikuwa Mwislamu, na hakuna muumini aliyenung'unika.

Lakini siku ile, gari lilipoondoka na askari ndani, mmoja wa kina mama aliuliza swali la kawaida. Aliuliza yule mwanamke alijuaje Mwikali yuko hapa.

Kina mama walitazamana. Mimi niliingia ndani. Nilikaa kwenye sakafu nyuma ya kochi na kitana cha mkia mrefu, nikaanza kufumua nywele zangu. Sikujua kufumua. Niliuchoma mkia wa kitana kwenye mstari mmoja, nikavuta, nikakata nywele, nikalia bila sauti. Nilikuwa nimefumua robo ya kichwa wakati Mama aliponiona. Alisimama kidogo. Nadhani alielewa kila kitu kwa mara moja, kwa sababu hakuuliza chochote. Aliketi nyuma yangu sakafuni, akachukua kitana, akaendelea pale nilipofikia. Tulifumua mpaka mwisho.

Ndipo aliponiambia. Alitumia maneno ya kawaida, hakunifanya nijihisi mtoto. Aliniambia kuhusu Sauda na lile sanduku, na maana ya kuuzwa.

"Kwa hivyo si binamu zangu?" nikauliza.

Mama alifikiri. "Ni binamu zako," akasema. "Ila hatuambii mtu tuko na binamu."

Hakunichapa, na kwa miaka mingi nilitamani angenichapa, jambo hilo likaisha. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Mwikali alikaa nasi mpaka mwaka uliofuata, akajifunza kushona kwenye cherehani ya Mama, akarudi Kithimani. Kila alipokuja kutusalimia nilijifanya niko na kazi za shule.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Kina mama waliobaki walikuja, Mama Zuhura akiwa na fimbo sasa, na wanawake wengi ambao sikuwajua walikuja pia kutoka pande zote, wakajitambulisha kwa watu kuwa ni binamu. Mwikali alikuwa amepiga magoti jikoni kwetu anamenya viazi. Ana chumba chake cha kushona Kithimani, na wasichana wanne anaowafundisha, wawili wao waliookolewa na kina mama kama yeye. Nilichukua kisu nikakaa karibu naye. Halafu nikamwambia. Nilimweleza yote, kanisa, peremende mbili, mlango wa bluu, na kwamba ni mimi niliyemshika yule mwanamke mkono nikamwingiza uani.

Mwikali hakuacha kumenya.

"Nilijua," alisema. "Siku ile ile. Nilikuona ukiwa umefumuliwa kichwa, na nilikuwa nimekusuka siku chache tu kabla. Nikajua ni nywele hizo zilizomwonyesha."

Nikasema nilitaka kumwomba msamaha miaka yote hii nikashindwa, na kwamba nilikuwa mjinga, yule mwanamke aliniuliza mara moja tu na mimi nikasema kila kitu.

"Ndinda," alisema, "wewe ulikuwa na miaka minane, na ulimpeleka tu mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa na kumi na tisa. Nilipanda gari lake mwenyewe, nikakaa mbele, na njia yote mpaka Mavoko nilikuwa namwambia asante."

Aliniangalia kuona kama nimesikia. Kisha akanisogezea karai la viazi karibu, maana watu walikuwa wengi na bado hatujafika nusu.